Jirani na Mpaka: Umajimbo na Mahusiano ya Makabila Kandokando ya Mlima Kenya

Utangulizi

Gatitu ni mahali padogo katika viunga vya mji wa Nyeri. Jina lenyewe ni la Kikuyu, na shina lake ni lile lile la neno mutitu, yaani msitu; kiambishi cha udogo kinalifanya liwe na maana ya kijisitu. Mtu akisimama katika nchi hiyo asubuhi, kabla mawingu hayajatanda, huuona Mlima Kenya upande mmoja na safu ya Nyandarua upande wa pili. Mlima huo Wakikuyu huuita Kirinyaga, Waembu huuita Kirinyaa, Wamasai huuita Ol Doinyo Keri, nao Wakamba huuita Kiinyaa, matamshi ambayo yasemekana ndiyo yaliyozaa jina la nchi nzima. Mlima ni mmoja, na kila watu wanaouzunguka wana jina lao, wala haikupata kuwa lazima kuamua ni jina lipi lililo la haki.

Mwaka 1963 mpaka ulipitishwa katika mlima huo. Upande mmoja ukawa Jimbo la Kati, na upande wa pili ukawa Jimbo la Mashariki. Kaskazini ya Nyeri, mpaka mwingine uliutenga mji wa Nanyuki na nchi ya Laikipia, vikaingia katika Jimbo la Bonde la Ufa. Mipaka hiyo ilichorwa kwa kufuata makabila, na kusudi lililotangazwa lilikuwa jema: kila watu wapate mahali pa kujitawala bila ya kuogopa kumezwa na jirani yao. Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi mipaka hiyo ilivyopatikana, na jinsi ilivyoyageuza mahusiano ya watu walioishi kandokando yake. Hoja inayotolewa ni kwamba hatari ya umajimbo wa Kenya haikutokana na kugawanya madaraka. Ilitokana na dhana iliyofichwa ndani yake, kwamba kila kipande cha nchi kina kabila lililo mwenyeji, na kwamba wengine wote waliomo ni wageni hata kama wamezaliwa humo.

Neno na Maana Yake

Yafaa kuanza na neno lenyewe, kwa kuwa historia ya neno hili ni sehemu ya historia ya jambo lenyewe. Katika Tanganyika ya wakati wa Waingereza, jimbo lilikuwa eneo kubwa la utawala. Palikuwa na Jimbo la Ziwa, Jimbo la Kaskazini, na mengineyo. Baada ya uhuru pakawa na mikoa mahali pa majimbo, na neno likahamia katika mambo ya uchaguzi. Mtanzania asemapo "jimbo letu" anakusudia eneo lililomchagua mbunge wake, wala hapana anayeshtuka alisikiapo.

Katika Kenya mambo yalikwenda vingine. Neno lilipata umaarufu likiwa katika wingi, majimbo, na likiwa jina la katiba moja maalumu iliyogombewa na vyama viwili kati ya mwaka 1961 na 1964. Katiba hiyo ilipoondolewa, maeneo yale yale yaliitwa mikoa, na neno majimbo likabaki bila kazi ya kiserikali. Lakini halikufa. Lilihifadhiwa katika vinywa vya wanasiasa, na kila liliporudi lilirudi na maana kali zaidi. Watu wa Pwani walilitumia kwa maana ya haki ya kujiendeshea mambo yao. Katika Bonde la Ufa, kwa masikio ya mkulima aliyetoka Nyeri, lilikuja kuwa na maana ya amri ya kufungasha mizigo. Neno moja likabeba matumaini ya mmoja na hofu ya mwenzake, na hii ni dalili ya wazi kwamba lilikuwa limebeba mambo mawili yasiyofanana.

Ujirani Kabla ya Mipaka

Nchi ya Nyeri ilijulikana zamani kwa jina la Gaki, kama vile nchi ya Murang'a ilivyoitwa Metumi na ile ya Kiambu ikaitwa Kabete. Gaki ilikuwa nchi ya mpakani, kwa maana kwamba ilipakana na malisho ya Wamasai wa Laikipia. Si kweli kwamba pande hizo mbili ziliishi kwa amani wakati wote. Vijana wa Kimasai walikuja kuteka ng'ombe, na vijana wa Kikuyu nao walikwenda kuteka. Watu waliuawa, na wanawake na watoto walichukuliwa mateka.

Hata hivyo, vita hivyo havikukata ujirani. Wanawake wa Kikuyu walifanya biashara na Wamasai hata katika nyakati za mapigano, wakipeleka nafaka, tumbaku na vyungu na kurudi na ngozi na mifugo, na ilikuwa desturi ya pande zote mbili kutowagusa. Tauni ya ng'ombe ilipoipiga nchi katika miaka ya 1890, ikafuatwa na ndui, familia nyingi za Kimasai zilikimbilia kwa Wakikuyu, na wengine waliwaweka watoto wao huko. Wang'ombe wa Ihora, kiongozi mashuhuri wa Gaki wakati huo, alijulikana kwa urafiki wake na mashujaa wa Kimasai, na nguvu zake zilitokana kwa sehemu na urafiki huo. Katika mila za jando za Wakikuyu wenyewe palikuwa na njia mbili, moja ikiitwa ya Gikuyu na nyingine ikiitwa ya Ukabi, yaani ya Kimasai. Mtu alitahiriwa kwa njia ya Ukabi naye akabaki kuwa Mkikuyu kamili. Wahenga wamesema kwamba wagombanao ndio wapatanao, na msemo huo hautoshi tu kwa ndugu wa nyumba moja.

Majina ya mahali yanashuhudia habari hiyo hiyo. Mtu akitoka Nyeri kwenda kaskazini hupita Naro Moru, jina linalotokana na maneno ya Kimasai yenye maana ya mawe meusi, kisha hufika Nanyuki, jina linalotokana na neno la Kimasai la wekundu. Majina hayo yalibaki ingawa wenye lugha waliondolewa.

Upande wa mashariki, kwa Wandia, Wagichugu, Waembu, Wambeere na Wameru, palikuwa hapana mpaka hata wa lugha ulio mkali. Lugha zao na Kikuyu ni za jamii moja iliyo karibu sana, na matamshi hubadilika kidogo kidogo kadiri mtu anavyouzunguka mlima. Mtu wa Nyeri humwelewa Mndia bila ya taabu, Mndia humwelewa Membu, na ugumu huanza tu kwa yule aliyeruka majirani wa katikati. Mahali palipokuwa na mfuatano wa namna hii, kupitisha mstari na kusema "hapa kabila hili lakoma" kulihitaji kazi ya makusudi.

Mipaka ya Wakoloni

Kazi hiyo ilianzwa na serikali ya kikoloni. Kituo cha Nyeri kilianzishwa mwaka 1902, na mwaka 1906 Waembu walishindwa kwa nguvu za silaha. Kwa mapatano ya mwaka 1904 Wamasai wengi waliondolewa katika Bonde la Ufa na kupelekwa Laikipia, wakaahidiwa kwamba nchi hiyo itakuwa yao. Mwaka 1911 yalifanywa mapatano mengine, nao wakaondolewa Laikipia pia na kupelekwa kusini. Baadhi yao walipeleka shauri mahakamani mwaka 1913, wakashindwa kwa sababu ya kisheria iliyosema kwamba mapatano hayo ni kama mkataba kati ya dola mbili, ambao mahakama haina uwezo wa kuuhukumu. Nchi ya Laikipia ikagawiwa walowezi wa Kizungu. Ndipo mfugaji alipotengwa na mkulima kwa mara ya kwanza, na katikati yao likakaa shamba la mlowezi.

Mwaka 1926 mipaka ya hifadhi za Waafrika ilitangazwa rasmi, nazo zilikuwa 24, kila moja ikipewa kabila au kundi la makabila. Tume ya Ardhi chini ya Sir Morris Carter ilitoa taarifa yake mwaka 1934 na kuikaza mipaka hiyo. Tangu hapo haki ya mtu juu ya ardhi ilitegemea kabila aliloandikiwa. Wakikuyu waliokosa ardhi walihamia Bonde la Ufa na Laikipia wakiwa maskwota katika mashamba ya walowezi. Huko walifanya kazi, wakazaa na kuzika, lakini kwa sheria walikuwa wageni, na kwao kulihesabiwa kuwa ni hifadhi ambayo wengi wa watoto wao hawakupata kuiona.

Hali ya Hatari iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952 iliongeza mambo mawili. Kwanza, amri nyingi za wakati huo ziliwahusu Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa pamoja. Walihamishwa pamoja, wakafungwa katika kambi pamoja, na kila mmoja wao alihitaji kibali kusafiri. Serikali yenyewe iliwahesabu kuwa kundi moja. Pili, mwaka 1955 serikali iliporuhusu tena vyama vya siasa vya Waafrika, iliruhusu vyama vya wilaya tu, na katika Mkoa wa Kati haikuruhusu hata hivyo. Kwa kuwa wilaya nyingi zilikuwa za kabila moja, siasa ya Waafrika ilizaliwa upya ikiwa na umbo la kabila. Viongozi wa miaka ya 1960 mara nyingi hulaumiwa kwa ukabila, na lawama hiyo wanastahili sehemu yake. Lakini haifai kusahau kwamba kwa miaka mitano hapana njia nyingine ya kisiasa iliyokuwa halali kwao.

Uchaguzi wa kwanza wa Waafrika, wa mwaka 1957, unaonyesha jinsi mambo hayo mawili yalivyokutana. Katika Mkoa wa Kati haki ya kupiga kura ilitolewa kwa wale tu waliothibitishwa kuwa watiifu kwa serikali. Wakikuyu wengi walikosa haki hiyo, na kiti cha mkoa kikachukuliwa na Bernard Mate wa Meru, aliyemshinda Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Hapakuwa na kosa la Mate wala la Wameru katika jambo hilo. Lakini majirani waliofungwa kwa amri moja walikuwa wamepewa vipimo viwili vya kura, na uchungu wake ulibaki.

Umajimbo wa 1961 hadi 1964

Chama cha KANU kiliundwa mwaka 1960, na nguvu zake kubwa zilikuwa kwa Wakikuyu na Wajaluo. Mwezi Juni mwaka huo huo vyama vya makabila madogo zaidi viliungana kuwa KADU, chini ya Ronald Ngala, Masinde Muliro, Daniel arap Moi na wenzao. Hofu yao ilikuwa ya kweli. Walowezi walikuwa wanajiandaa kuondoka, na swali lililokuwa mbele ya Wakalenjin na Wamasai ni nani atakayerithi mashamba ambayo zamani yalikuwa malisho yao. Maskwota wa Kikuyu walikuwa tayari wamo ndani ya mashamba hayo, na chama chao ndicho kilichotazamiwa kushika dola.

Kuanzia mwaka 1961 KADU ilitoa jibu lake, nalo ni majimbo. Baadhi ya Wazungu waliokuwa marafiki wa chama hicho walilipenda wazo hilo, na katika mkutano wa Lancaster House wa mwaka 1962 KADU ilikuwa na mshauri wa katiba kutoka Uswisi, Edward Zellweger. KANU ililipinga, lakini ilikubali ili uhuru usicheleweshwe. Ikaundwa tume ya mipaka chini ya uenyekiti wa Sir Stafford Foster-Sutton, ikazunguka nchini mwaka 1962 ikiwauliza watu wangependa kuwa pamoja na nani.

Swali hilo lastahili kutafakariwa. Watu hawakuulizwa wangependa barabara zao, shule zao na mahakama zao ziendeshwe vipi. Waliulizwa ni jirani gani wanayemtaka na yupi wasiyemtaka. Swali la namna hiyo haliwezi kujibiwa bila ya kuhesabu makosa ya jirani, na wajumbe walipofika mbele ya tume walifanya hivyo hasa.

Matokeo yake kandokando ya Mlima Kenya yalikuwa haya. Waembu na Wameru, ambao mpaka wakati huo walikuwa katika Mkoa wa Kati, walitolewa na kutiwa katika Jimbo la Mashariki pamoja na Wakamba wa Machakos na Kitui na wafugaji wa Isiolo na Marsabit. Wandia na Wagichugu, waliokuwa sehemu ya wilaya ya Embu, walibaki na Wakikuyu na kuwa wilaya mpya ya Kirinyaga. Upande wa magharibi, sehemu ya nchi ya walowezi ilikatwa na kuwa wilaya ya Nyandarua ndani ya Jimbo la Kati. Nanyuki, mji ulio kilomita zipatazo 60 tu kutoka Nyeri, uliingia Bonde la Ufa pamoja na Laikipia. Nyeri ikawa makao makuu ya jimbo ambalo karibu watu wake wote wa mashambani walihesabiwa kuwa Wakikuyu. Kwa njia hiyo watu watatu ambao serikali ya kikoloni iliwaadhibu kama kundi moja mwaka 1952, serikali hiyo hiyo iliwatenga mwaka 1963 kwa kuwa si kundi moja.

Katiba iliyoanza kutumika mwaka 1963 ilitoa majimbo saba na eneo la Nairobi, kila jimbo likiwa na baraza lake na rais wa baraza. Palikuwa pia na Seneti ya wajumbe 41. KANU ilishinda uchaguzi wa Mei 1963, ikaunda serikali ya madaraka tarehe 1 Juni, na uhuru ukapatikana tarehe 12 Desemba. Tangu mwanzo serikali kuu haikuwa na nia ya kuuacha mpango huo usimame. Tarehe 10 Novemba 1964 KADU ilijivunja, na Desemba 1964 Kenya ikawa jamhuri yenye rais mwenye madaraka makubwa. Mabaraza ya majimbo yakapokonywa nguvu zake, na mwishoni mwa mwaka 1966 Seneti ikaunganishwa na Baraza la Wawakilishi.

Kilichoondolewa na Kilichobaki

Wanahistoria wengi husimulia habari hii kama kisa cha mfumo ulioanza na kuisha katika muda wa mwaka mmoja hivi. Masimulizi hayo yana upungufu. Kilichoondolewa ni madaraka, yaani mabaraza, bajeti na uwezo wa watu wa jimbo kujiamulia mambo. Kilichobaki ni mipaka. Mikoa iliyotawala maisha ya Wakenya kwa karibu nusu karne iliyofuata ilikuwa majimbo yale yale yaliyobadilishwa jina. Hivyo umajimbo ulipoteza sehemu iliyoweza kumfaa mwananchi, na ukahifadhi ile iliyomfundisha ni nani mwenyeji na nani mgeni.

Wakati huo huo watu waliendelea kuhama. Chini ya Mpango wa Ekari Milioni Moja na baadaye kwa kampuni za kununua ardhi na vyama vya ushirika, Wakikuyu wengi wa Nyeri walinunua mashamba ya walowezi katika Nyandarua, Laikipia na Bonde la Ufa. Walinunua kwa fedha zao na kwa hati za serikali. Hata hivyo, haiwezi kukanushwa kwamba walikuwa na nafasi bora kuliko wengine ya kupata mikopo, habari na msaada wa maafisa, kwa kuwa dola ilikuwa karibu nao. Viapo vilivyoliwa na Wakikuyu Gatundu mwaka 1969, baada ya kuuawa kwa Tom Mboya, vilikusudiwa kuhakikisha kwamba dola hiyo haitoki mikononi mwao. Kile ambacho KADU ilikihofia mwaka 1960 hakikuwa ndoto tu.

Katika Laikipia tatizo lilichukua umbo lake la pekee. Mashamba makubwa ya mifugo yalinunuliwa na kampuni, yakakatwa vipande vya ekari chache chache na kugawiwa wanachama. Nchi hiyo ni kavu, na wengi waliopata vipande hivyo hawakuweza kuvilima wala kuhamia. Walibaki Nyeri na hati zao zikawa sandukuni. Wafugaji wakaja na mifugo wakalisha katika nchi iliyoonekana kuwa tupu, na ambayo babu za baadhi yao walifukuzwa mwaka 1911. Mwenye hati alikuwa na haki ya sheria, na mfugaji alikuwa na haki ya kumbukumbu. Mpaka wa jimbo ulimwambia kila mmoja wao jambo jingine tena: kwamba Laikipia ni ya Bonde la Ufa, na Mkikuyu wa huko ni mtu aliyetoka mkoa mwingine.

Upande wa mashariki mambo yalikwenda kwa upole. Mwaka 1971 iliundwa GEMA, umoja wa Wakikuyu, Waembu na Wameru, ambao ulijaribu kuziunganisha jamii zilizotengwa mwaka 1963. Umoja huo ulikua ukawa na nguvu za kibiashara na za kisiasa, ukawatisha wengine, ukavunjwa mwaka 1980 pamoja na vyama vingine vya kikabila. Tofauti ya pande hizi mbili yafundisha. Mpaka wa Embu na Meru ulikuwa wa kikabila sawasawa na ule wa Laikipia, lakini haukuleta damu ya namna ile, kwa sababu haukupitishwa juu ya madai makubwa ya ardhi iliyoporwa. Mpaka wa kikabila peke yake hauui. Huua unapokabidhiwa ugomvi ambao serikali imekataa kuuamua.

Majimbo Yanarudi

Neno majimbo lilirudi kwa kishindo mwaka 1991, wakati madai ya vyama vingi yalipopamba moto. Mnamo Septemba wanasiasa wa Bonde la Ufa waliokuwa upande wa serikali walihutubia mikutano Kapsabet na Kericho wakidai katiba ya majimbo. Tarehe 29 Oktoba mapigano yalianza katika shamba la Meteitei, wilaya ya Nandi, yakaenea Molo, Burnt Forest na kwingineko. Kamati ya Bunge chini ya Kennedy Kiliku ilitoa taarifa mwaka 1992 na kuhesabu watu 779 waliouawa kufikia wakati huo. Katika kipindi hicho neno jingine la Kiswahili lilipata maana mpya. Madoadoa, ambayo ni alama za rangi katika ngozi au nguo, ikawa lakabu ya watu wa makabila mengine waliokaa katika nchi ya wenyeji. Doa huondolewa; hapo ndipo ilipo nguvu ya sitiari hiyo, na ubaya wake pia. Mwaka 2022, Tume ya Taifa ya Uwiano na Utangamano iliitia madoadoa katika orodha ya maneno ya chuki.

Laikipia ilipata zamu yake Januari 1998, wakati wafugaji na wakulima wa Kikuyu walipopigana huko Ol Moran, kisa kilichoanza kwa ugomvi wa wizi wa mbuzi. Kisha, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nchi nzima iliingia katika maafa. Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133. Wakikuyu walifukuzwa katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa, na wengi walirejea Nyeri na wilaya jirani, kwa watu ambao walikuwa ndugu zao kwa jina lakini hawakuwahi kukaa nao. Nako Naivasha na Nakuru, magenge ya Wakikuyu yaliwaua Wajaluo, Wakalenjin na wengine. Na katika Mkoa wa Kati wenyewe, Wajaluo na Waluhya waliofukuzwa walijihifadhi katika kituo cha polisi cha Tigoni. Fikra ya mwenyeji na mgeni ilikuwa imeota mizizi pande zote, hata kwa wale walioilalamikia zaidi ya wote.

Ugatuzi, na Mfano wa Ethiopia

Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 ililiepuka neno majimbo. Neno lililoshika nafasi ni ugatuzi, linalotokana na kitenzi kugatua, na maeneo yake yakaitwa kaunti. Kaunti ni 47, na mipaka yake inafuata ile ya wilaya zilizokuwapo kwa sheria ya mwaka 1992. Gatitu ikawa sehemu ya wadi ya Gatitu/Muruguru katika Kaunti ya Nyeri. Madaraka na fedha vilivyopokonywa mwaka 1964 vilirudishwa kwa namna fulani, na katika hilo hoja ya Ngala na Muliro ilipata haki yake baada ya miaka mingi. Katiba hiyo hiyo, katika vifungu vya 39 na 40, inampa kila raia haki ya kukaa na kumiliki mali mahali popote nchini. Kwa maneno mengine, kaunti ni ya wakazi wake.

Thamani ya vifungu hivyo huonekana zaidi ikilinganishwa na nchi jirani ya Ethiopia. Katiba ya Ethiopia iliyoanza kutumika mwaka 1995 iliitangaza nchi kuwa shirikisho la mataifa na makabila, ikaunda majimbo tisa mwanzoni, mengi yakiitwa kwa majina ya makabila, na katika kifungu cha 39 ikawapa haki hata ya kujitenga. Nia yake ilikuwa kuwarudishia heshima watu ambao lugha zao zilidharauliwa kwa vizazi, na katika elimu na mahakama mengi yalipatikana. Lakini mipaka iliyotakiwa kuwa ya makabila iliwageuza waliobaki upande usio wao kuwa wageni. Mwaka 2017 mapigano kati ya Waoromo na Wasomali kandokando ya mpaka wa majimbo yao, na mwaka 2018 kati ya Wagedeo na Waguji, yaliwaondoa mamia ya maelfu ya watu majumbani mwao. Wagedeo na Waguji walikuwa majirani wa muda mrefu, mkulima na mfugaji, kama walivyokuwa Wakikuyu na Wamasai wa Gaki na Laikipia.

Hitimisho

Yaliyoelezwa yanaonyesha kwamba katika mjadala wa umajimbo wa Kenya mambo mawili yalichanganywa. La kwanza ni kugawanya madaraka ili mkulima wa Gatitu na mfugaji wa Laikipia wasiingoje Nairobi kwa kila jambo. La pili ni kuigawa nchi kwa wenyewe kwa kufuata damu. Mwaka 1963 Kenya ilipewa yote mawili pamoja. Mwaka 1964 ililikataa la kwanza na kulihifadhi la pili, na gharama yake ililipwa miaka ya 1992, 1998 na 2008, mara nyingi na watu ambao hawakuwa wamezaliwa tume ya mipaka ilipozunguka.

Ugatuzi wa 2010 umelirudisha la kwanza, lakini haukulifuta la pili, kwa maana mipaka ya kaunti nyingi bado ni mipaka ya hifadhi za mwaka 1926 iliyokatwa vipande vidogo zaidi. Kaunti itakuwa kinga au itakuwa hatari kwa kadiri itakavyojibu swali moja: mtoto aliyezaliwa humo na wazazi wa lugha nyingine ahesabiwe kuwa nani? Watu wa Gaki, ambao hawakuwa na katiba iliyoandikwa, walikuwa na jibu lao. Waliwapokea watoto wa Kimasai wakati wa njaa, wakaiita nusu ya jando lao kwa jina la Ukabi, na wanawake wao wakaendelea kupeleka nafaka Laikipia hata vijana walipokuwa wakipigana.